Nyanya za Tanga hazizai? Chagua mbegu kwa joto la usiku, sio kwa picha ya pakti (mwongozo kamili)

Kila mwaka ikifika mwezi wa pili simu yangu inajaa picha za aina moja. Mche wa nyanya umefika kiunoni, majani kijani mpaka yanang'aa, mwenyewe kaupiga picha kwa fahari kabisa, alafu meseji chini yake: "mbona hauna hata moja?" Ukikuza ile picha unaona chini ya mche maua yamemwagika ya njano tupu. Maua ya nyanya kipindi cha kaskazi hapa kwetu ni waja leo waondoka leo kwelikweli.

Na dukani jibu ni lile lile, ongeza busta (mbolea ya maji ya kupulizia majani). Mtu anaongeza, mche unazidi kunenepa, maua yanazidi kudondoka, hela inazidi kwenda.

Mara nyingi kosa lilishafanyika siku ya kununua mbegu. Ilichaguliwa kwa picha, au kwasababu shemeji yuko Lushoto anaipanda hiyo na anashusha matenga sokoni Mgandini kila wiki. Sasa Lushoto watu wanalala na blanketi mbili, wewe uko Makorora unalala na feni. Nyanya yako nayo inalala hapo hapo ulipo wewe, tena bila feni.

Huu mwongozo ni wa mwenye bustani ya nyumbani mpaka robo ekari, Tanga mjini, Mkinga, Pangani, na Muheza ya huku chini. Wa Bagamoyo joto letu ni moja, fuata tu.

## Vitu vya kuandaa kabla

- Kipimajoto cha kawaida. Kikiwa kile kinachokumbuka joto la chini na la juu la siku nzima ni raha zaidi, hutoamka alfajiri.
- Daftari na kalamu. Simu sawa ila simu inaibiwa na daftari la nyanya hakuna anayelitaka.
- Glasi ya kioo isiyo na rangi, na wembe au kisu kikali.
- Jembe dogo.
- Tishu na kopo lenye mfuniko, kupima uotaji.
- Nyuzi za rangi mbili tatu, vipande vya khanga kuukuu vinafaa.
- Vijiti na kamba ya katani ya kufungia (mkoa wa mkonge huu, usinunue kamba za nailoni zinakata shina).
- Makumbi ya nazi, makuti au nyasi kavu za kutandaza.

Mbegu usinunue bado. Najua unataka kuanza na mbegu, ndo maana tumefika hapa.

## Hatua ya 1: Pima usiku wa bustani yako

Ning'iniza kipimajoto bustanini, urefu wa goti, mahali jua halikipigi moja kwa moja, mbali na ukuta. Soma saa kumi na moja alfajiri na saa nane mchana, siku kumi na nne mfululizo. Andika safu mbili.

Kwanini usiku? Ua la nyanya linajichavusha lenyewe, dume na jike viko ndani ya ua moja, halingoji nyuki wa mbali. Lakini ile chavua inaiva ndani ya kitumba siku nyingi kabla ua halijafunguka, wiki na zaidi. Nyanya inapenda usiku wa nyuzi 15 mpaka 20 hivi. Usiku ukibaki moto chavua inatoka mbovu au kidogo, na mchana ukipanda juu ya 32 mambo yanaharibika zaidi, ukifika 35 ndo kabisa. Tena unyevu wetu wa pwani unaigandisha chavua, haimwagiki. Ua lisiporutubishwa mche unaliachia, basi. Kwahiyo ua unaloliona leo limekauka liliumizwa na usiku wa wiki iliyopita, na busta unayopiga leo haiurudishi ule usiku.

Mi nagawa hivi:

Usiku chini ya 21: una uhuru, aina nyingi zitazaa.
Usiku 21 mpaka 24: hapa lazima uchague mbegu kwa makini, na wengi wetu tuko hapa.
Usiku juu ya 24: nyanya kubwa ya kawaida sahau, labda vinyanya vidogo au chotara iliyotengenezwa kwa joto.

Tanga mjini mwezi wa saba usiku unashuka kwenye 20 au 21 hivi, mwezi wa pili unaganda kwenye 24 na 25. Inaonekana tofauti ndogo, nyuzi nne tu, lakini kwa ua la nyanya hiyo ndo tofauti ya tenga na sado tupu.

Angalizo: usichukue namba ya kwenye simu ukasema yatosha. Ile ni ya mji. Bustani ya Ngamiani iliyobanwa na kuta za matofali inatoa joto mpaka usiku wa manane, na shamba la Pongwe kwenye uwazi linapoa mapema. Nilishapima uwani kwangu sehemu mbili, karibu na ukuta na chini ya mnazi, ikatofautiana karibu nyuzi mbili usiku huo huo.

Umefanikiwa kama: unaweza kuniambia bila kubabaika "usiku wangu mwezi huu ni ngapi".

## Hatua ya 2: Chagua wiki ya maua kwanza, alafu rudi nyuma

Watu wanachagua tarehe ya kupanda. Chagua tarehe ya maua. Mche wenyewe unavumilia joto vizuri tu, unakua kama kichaa, shida iko kwenye maua.

Hesabu ya hapa kwetu, kwa aina fupi (nazieleza Hatua ya 4), iko hivi: kitaluni siku 21 mpaka 28 (huku joto, miche inawahi), kutoka kuhamisha mpaka maua mengi ni kama wiki nne au tano, kutoka ua mpaka tunda kubadilika rangi ni wiki sita au saba.

Tunataka maua yaangukie mwisho wa mwezi wa sita mpaka mwezi wa nane, kusi inavuma, usiku umepoa. Rudi nyuma: sia mbegu kati ya tarehe 15 ya mwezi wa nne na tarehe 10 ya mwezi wa tano, hamisha kuanzia katikati ya mwezi wa tano mpaka mwanzoni mwa wa sita, vuna kuanzia katikati ya mwezi wa nane.

Utasema lakini hapo si masika yenyewe? Ndio, na ndo maana watu wanaogopa. Ila masika ina dawa: kitalu ukiezeke, tuta uliinue futi moja, miche uipe nafasi upepo upite. Joto la usiku mwezi wa kwanza halina dawa unayoweza kulipia wewe na mimi.

Dirisha la pili ni kusia mwanzoni mwa mwezi wa saba, maua yanakuja mwezi wa tisa, unavuna vuli ikianza. Inawezekana, ila hapo usiku umeshaanza kupanda na mvua ikikuta matunda yameiva yanapasuka, kwahiyo ngozi ngumu inakuwa lazima.

Ukisia mwezi wa kumi au wa kumi na moja maua yako yanafunguka katikati ya kaskazi. Mi nafasi hiyo nampa bamia na ngogwe, zinanishukuru.

Umefanikiwa kama: daftari lina tarehe tatu, ya kusia, ya maua, ya mavuno, na ile ya maua iliandikwa kwanza.

## Hatua ya 3: Uliza udongo una nini

Usiku umeshajua. Sasa kuna adui wa chini, na huyu ndo anaamua herufi gani uzitafute kwenye pakti. Ikiwa ulishapanda nyanya, bilinganya, ngogwe, pilipili au viazi mviringo hapo, bado una nafasi ya kujua. Ng'oa mche mmoja uliozeeka au uliokufa, kwa jembe, sio kwa kuvuta.

Mizizi ina vinundu kama shanga? Hao ni minyoo fundo. Udongo wa kichanga wanaupenda mno na pwani yetu nusu ni mchanga. Unahitaji aina yenye kinga, herufi N.

Hapa kuna jambo ambalo pakti haikuambii. Kinga ya N inalegea udongo ukipata joto la nyuzi 28 kwenda juu, na mchanga wa Tanga ulio wazi saa nane mchana unapita hapo bila shida. Nilikaa misimu miwili nalaumu mbegu kuwa feki, kumbe nimeacha tuta uchi. Tandaza makumbi au nyasi siku ile ile unayohamisha miche, unene wa vidole vinne, ila usigusishe shina. Matandazo ni sehemu ya kinga.

Mche ulinyauka ghafla ukiwa kijani, kama umechemshwa, alafu usiku unajifanya umepona? Kata kipande cha shina la chini, kama kidole, kishikilie kikining'inia ndani ya glasi ya maji safi bila kutikisa. Dakika chache tu ukiona uzi mweupe kama maziwa unateremka, huo ni mnyauko wa bakteria. Ukiona hivyo kaa chini kwanza. Bakteria huyu anakaa udongoni miaka, anapenda joto na unyevu, na aina nyingi za dukani hazimwezi. Usihamishe udongo huo kwa jembe kwenda tuta jingine. Panda kwenye ndoo za lita 20 zilizotobolewa, udongo wa mahali pengine uliochanganywa na samadi iliyooza. Kuna wanaounganisha nyanya juu ya shina la bilinganya linalovumilia, kituo cha World Vegetable Center kimefundisha sana njia hiyo, inafanya kazi, lakini inataka mkono uliozoea.

Majani ya chini yanakuwa njano upande mmoja kwanza, na shina ukilipasua ndani kuna rangi ya kahawia, glasi haitoi maziwa? Hapo shuku fuzari (ukungu wa udongoni unaonyausha mche), tafuta F.

Majani ya juu yanajikunja kama kikombe, mche unadumaa, ukiupiga kofi vinaruka vijidudu vyeupe? Nzi weupe wamekuletea virusi vya kukunja majani. Hii haiko udongoni, iko hewani mtaa mzima, na kipindi cha joto kikavu ndo inachachamaa. Tafuta TYLCV kwenye pakti.

Kitu kingine cha ufukweni ni chumvi na mawe ya matumbawe. Onja maji ya kisima chako. Ulimi ukisikia chumvi, nyanya nayo inasikia, tumia ya bomba au ya mvua kwa miche na changanya baadae. Na kama majani mapya yanageuka njano huku mishipa imebaki kijani, udongo wako una chokaa nyingi, mbegu haina kosa. Anayetaka uhakika, kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Mlingano kiko hapo Muheza na udongo ndo kazi yao.

## Hatua ya 4: Fupi au ndefu?

Nyanya fupi inakua kama kichaka, inafika kimo chake inasimama, inatoa maua mengi kwa mkupuo. Ndefu inaendelea kupanda, inazaa kidogo kidogo miezi mingi, inataka nguzo na kupunguzwa machipukizi.

Kwa pwani mi nasema fupi, na sababu ni kalenda. Baridi yetu ni fupi. Unataka mche unaotoa maua yake yote ndani ya zile wiki nane za kusi kisha ufunge hesabu. Ndefu itakuzalia mashada mawili matatu alafu kaskazi inaikuta katikati ya safari. Pia fupi zenye majani mengi zinafunika matunda, jua la Oktoba halibabui. Ukiona tunda lina doa jeupe kama limechomwa pasi upande wa jua, limeungua.

Isipokuwa vinyanya vidogo, vile vya mviringo saizi ya zabibu kubwa. Hivyo hata virefu panda, vinazaa kwenye joto linaloshinda kubwa. Si umeona vile vinavyojiotea jalalani mwezi wa pili, hakuna aliyevimwagia maji na vimejaa?

Ukubwa wa tunda kwa ujumla ndo kipimo cha haraka kuliko vyote: tunda likiwa kubwa la mikunjomikunjo kama kwenye kalenda za ukutani, weka chini pakti. Haliwezi usiku wetu.

Na umbo. Nyanya ndefundefu kama yai zina mnofu, zinasafiri, ila zinawahi kuoza kitako maji yakiwa ya kuruka siku. Kama mtaa wenu una mgao wa maji na huna tenki, chagua za mviringo au panga kumwagilia kidogo kila siku badala ya kufurika Jumamosi.

## Hatua ya 5: Soma pakti nyuma, sio mbele

Mbele kuna picha. Geuza.

F1 na F sio kitu kimoja. Hili linawachanganya hata wauzaji. F1 baada ya jina maana yake ni chotara kizazi cha kwanza. Herufi F ndani ya orodha kama VFN maana yake kinga ya mnyauko wa fuzari. Mbegu inaweza kuwa F1 na isiwe na kinga ya maana kwa shamba lako, na mbegu isiyo chotara inaweza kuwa na VF.

V ni mnyauko wa vetisilia, kwetu sio tatizo kubwa, huyo anapenda baridi. N ni minyoo fundo. TYLCV ni virusi vya kukunja majani. ToMV au TMV ni virusi vya batobato. Rs au Bw ni mnyauko wa bakteria, ukiikuta hiyo na glasi yako ilitoa maziwa, nunua.

HR ni kinga kubwa, IR ni ya kati. IR haimaanishi mche hauugui, unaugua taratibu zaidi.

Siku za kukomaa zinazoandikwa, mfano 75, kwa kawaida zinahesabiwa kuanzia kuhamisha miche, kitalu hakimo. Watu wanapigia mahesabu ya Ramadhani wanakosa kwa mwezi mzima kwa ajili hiyo.

Maneno kama "inafaa nyanda za juu" ni onyo kwako hata kama yameandikwa kama sifa. "Inastahimili joto" ni sifa, lakini uliza inazaa kwenye joto au inaishi tu. Hapo ndo Hatua ya 8 inahusika.

Kantangaze (kiwavi anayechimba majani na matunda) usimtafute kwenye pakti, hakuna mbegu ya kumkomesha. Huyo ni mitego, usafi na kuokota majani.

## Hatua ya 6: Majina, sasa

Nataja yale utakayokutana nayo dukani. Sio amri.

Tengeru 97. Sio chotara, ilitolewa na watafiti wa Tengeru, Arusha, na mwaka uko kwenye jina. Ngozi ngumu, inakaa siku nyingi bila kuoza, inavumilia minyoo fundo na fuzari. Kwa udongo wa kichanga ndo ninayoanzia kumpa mgeni. Utamu wa kawaida tu, nisidanganye.

Tanya. Dada yake wa karibu, fupi, tunda gumu, wanunuzi wa sokoni wanaijua. Inafaa anayeuza.

Rio Grande, Cal J, Roma VF. Fupi zote, matunda ya mnofu ya kupikia, bei ya mbegu nafuu, kinga ni VF basi. Zipande dirisha la kusi pekee. Rio Grande na Roma angalia kuoza kitako.

Moneymaker. Ya zamani, asili yake Uingereza, ndefu, tamu, kinga hakuna. Bibi zetu waliipanda na kila mtu ana kumbukumbu nayo. Miche miwili ya kumbukumbu yatosha.

Chotara za sokoni kama Assila F1 na Shanty F1. Fupi, zinatafutwa hasa na waliochoka na majani kujikunja. Bei ya mbegu ni kubwa, kwahiyo isome pakti ya msimu huo huo kabla hujalipa, usiende kwa kusikia.

Anna F1. Ndefu, ya nyumba kitalu. Nyumba kitalu ya nailoni hapa Tanga ni sufuria yenye mfuniko, nimeingia moja saa saba mchana nikatoka mbio. Labda iwe ya neti pande zote.

Kwa mtu asiye na muda wa kusoma yote: kichanga na minyoo, Tengeru 97 na matandazo. Nzi weupe mtaani, chotara yenye TYLCV. Bustani ya kuta nne isiyopoa usiku, vinyanya vidogo. Mnyauko wa bakteria, ndoo.

## Hatua ya 7: Nunua, kisha ipime

Pakti iwe imefungwa kiwandani, na lebo ya TOSCI (wakaguzi wa mbegu wa serikali), na tarehe haijapita. Angalia na imekaa wapi. Mbegu iliyoning'inizwa mlangoni jua linaipiga tangu Januari imeshaiva kama kashata, hata kama tarehe inasema bado.

Mbegu za kupimiwa kwa kijiko kwenye karatasi usinunue. Niliwahi, duka silitaji, nikaambiwa Tanya, zikatoka sura tatu tofauti na moja ilikuwa bilinganya.

Kupima: mbegu kumi juu ya tishu yenye unyevu, ndani ya kopo, funika, weka kivulini ndani ya nyumba. Kwa joto letu siku tano mpaka saba yatosha. Nane na kuendelea zimeota, endelea. Sita au saba, sia nyingi zaidi. Tano kushuka, rudisha dukani na kopo lako mkononi, ushahidi huo. Za chotara usizitupe zikishaota, zipande, ile ni hela.

Kitalu kiezekwe kwa makuti. Udongo ukipita nyuzi 35 hata mbegu nzima inagoma kuota.

Umefanikiwa kama: siku ya kuhamisha mche una majani halisi manne au matano, shina nene kama penseli nyembamba, na sio mrefu wa kuinama. Mrefu mwembamba maana yake kivuli kilizidi.

## Hatua ya 8: Zishindanishe

Hii ndo hatua ambayo kila mtu anairuka na ndo yenye majibu yote. Usipande aina moja. Chukua tatu, miche minane kila moja. Usiweke kila aina mstari wake, maana mstari wa karibu na ukuta utaonewa. Gawa nne upande huu na nne upande ule. Nafasi sentimita 50 mche hadi mche, 60 mstari hadi mstari. Hamisha jioni.

Samadi weka, ila mbolea ya kukuzia nenda nayo polepole. Naitrojeni ikizidi unapata majani tu, na hapo utashindwa kujua kama kosa ni la mbegu au la kwako.

Shada la pili la maua likifunguka, lifunge uzi. Hesabu maua, andika. Baada ya siku 10 mpaka 14 rudi, hesabu vitunda vya saizi ya njegere. Shada la kwanza usilihesabu, linadanganya, mche unakuwa bado haujatulia.

Kila siku saa tatu mpaka saa tano asubuhi, unyevu wa usiku umeshakauka na joto halijapanda, gonga kijiti au tikisa kamba kidogo. Chavua inadondoka. Bustani iliyofungwa upepo inahitaji hili zaidi kuliko ya Raskazone inayopigwa na kusi. Tikisa aina zote sawa, usipendelee.

Kipimo changu kwa kila maua kumi:

Vitunda vitano na zaidi: hiyo ni mbegu yako, usiiache.
Vitatu au vinne: inafaa, kipindi cha baridi tu.
Viwili kushuka wakati usiku uko chini ya 22: ifute kwenye daftari, haijalishi jirani anasemaje.

Aina zote tatu zikianguka pamoja, basi sio mbegu. Rudi uangalie kipimajoto, naitrojeni, na maji, mche ukikauka ukalowana ukakauka unaachia maua pia.

Na zikiiva zikabaki rangi ya chungwa mabega ya njano, usiitupe aina hiyo haraka. Ile rangi nyekundu haitengenezeki vizuri tunda likiwa juu ya nyuzi 30 hivi. Vuna zikianza tu kubadilika, ziivishe kivulini ndani, zitakuja nyekundu.

## Hatua ya 9: Weka mbegu ya mshindi

Hii ni kwa zisizo chotara tu, Tengeru 97, Tanya na wenzake. F1 ukirudia mbegu yake watoto wanatoka kila mmoja na tabia zake.

Chukua kwenye mche uliohesabu vitunda vingi, sio wenye tunda kubwa kuliko yote. Na usichukue kwenye mche wenye majani ya batobato hata uwe umezaa vipi. Tunda liive mpaka lilegee, kamua mbegu na maji yake kwenye kikombe, acha siku moja na nusu mpaka mbili (kwa joto letu siku tatu nyingi, zinaanza kuota humo humo), ule utando wa juu ukishatokea osha, anika kwenye sahani kivulini. Karatasi usitumie, zinanata. Zikikauka mpaka zinaruka ukizipuliza, weka kwenye chupa ndogo kavu yenye punje za mchele chini, funga, weka mahali penye ubaridi.

Kwenye chupa usiandike jina la aina peke yake. Andika na mwezi ule ua lilipofungwa uzi, na joto la usiku la wiki hiyo. Mwakani mtu akija kukuomba, mpe na hizo namba mbili.